Gemu Ngumu, Ngumu kwa Nani?

Kila FromSoftware, ile kampuni ya Kijapani ya gemu ngumu, wakitoa gemu mpya vita inaanza upya, na ukishaiona mara moja umeiona zote. Wa kwanza anasema jamani wekeni basi hata modi rahisi na sisi tuone mwisho wa stori, wa pili anamjibu kajifunze kucheza, wa tatu anamwambia wa pili hana utu kwa sababu kuna watu wenye ulemavu wanaotaka kucheza, wa nne anasema mimi mwenyewe nina ulemavu na nimeimaliza, na hapo tena hakuna anayemsikiliza mwenzake, ni kelele tu mpaka itoke gemu nyingine.

Mlipuko mkubwa kuliko yote ulikuwa 2019, Sekiro: Shadows Die Twice ilipotoka mwezi Machi. Sekiro haina sehemu ya kuchagua ugumu, unaikuta ilivyo na unaicheza ilivyo. Sasa mwandishi mmoja wa PC Gamer, jarida la gemu, akakwama kwa bosi wa mwisho, yaani lile adui kubwa linalofunga gemu, akatafuta programu ya pembeni ya kompyuta inayopunguza kasi ya gemu, akampiga bosi akiwa anatembea polepole kama mtu aliye ndani ya maji, halafu akaandika waziwazi kwamba kadanganya na roho yake imetulia tuli. Kuna jamaa akamjibu kwamba hakuidanganya gemu peke yake, kajidanganya na nafsi yake, hakukua, hakujifunza kitu, ushindi wake mtupu. Lile jibu lilikuwa zito kupita kiasi, likageuka utani, mpaka leo watu wanalibandika hata kwa mtu aliyepanda lifti badala ya ngazi.

Mi nakiri, wakati ule nilikuwa upande wa jamaa. Nilikuwa nimekesha na huyo bosi, halafu anakuja mtu anampiga kwa slo mosheni na anajisifu, iliniuma kama vile kaniibia mimi.

Kilichonibadilisha siyo hoja ya mtu yeyote, ni mlango. Mwaka juzi kidole gumba cha mkono wa kulia kiliniuma, siyo kuuma kwa kawaida, mshipa ulivimba, daktari akanifunga kibao cha plastiki akaniambia nisikitumie wiki sita, na mi ndo nilikuwa katikati ya gemu moja ambayo sitaitaja. Kuna sehemu unafika mbele ya mlango wa chuma, unatakiwa uunyanyue kwa kubonyeza batani moja haraka haraka, ta-ta-ta-ta-ta, ukipunguza kasi unashuka tena. Hakuna adui hapo, hakuna fumbo, hakuna cha kufikiria, ni mlango tu na kidole. Nilijaribu na kidole cha shahada, nikajaribu na kifundo cha ngumi, mwisho nikaiweka kontrola mezani nikawa naipiga kama ngoma, wapi. Nikaingia kwenye setingi nikashusha ugumu mpaka chini kabisa, ile modi ambayo niliapa sitaigusa maishani. Maadui wakawa legelege, unawapiga kofi moja wanalala. Nikarudi mlangoni na kiburi changu kimeshakufa. Mlango uko vilevile, haujabadilika hata chembe.

Basi hapo ndo nikaelewa kwamba siku zote tunagombania vitu viwili kwa jina moja. Kuna ugumu, na kuna kizuizi. Ugumu ni swali ambalo gemu inakuuliza, kizuizi ni kile kinachokufanya usilifikie swali lenyewe. Chukua mtihani wa hesabu uliochapwa kwa herufi ndogo kama chawa, mtu asiyeona vizuri akifeli hujampima hesabu, umempima macho, na ukisema ngoja nimhurumie nimpe hesabu za darasa la pili bado haoni, na sasa umemtukana juu yake. Wengi wanaodai modi rahisi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa nia njema kabisa, wanafanya hilohilo, wanashusha hesabu badala ya kukuza herufi.

Mdogo wangu ni mfano mzuri. Yeye haoni tofauti ya nyekundu na kijani sawasawa, kwake zote zinaangukia kwenye kahawia fulani hivi, na siyo kitu cha ajabu, kwenye jamii za asili ya Ulaya ya kaskazini ambako hili limepimwa sana ni kama mwanaume mmoja kati ya kumi na wawili, wanawake ni wachache mno, kama mmoja kati ya mia mbili. Sasa gemu za kupigana risasi zilivyopenda nyekundu na kijani we acha tu. Wenzako wana alama ya kijani kichwani, maadui nyekundu. Kwa miezi mizima dogo alikuwa anawamiminia risasi watu wa timu yake mwenyewe, wanamtukana, wanamfukuza, na yeye anajiona hana kipaji. Kulenga analenga vizuri tu! Kumbe shida ilikuwa hajui amlenge nani. Siku tulipogundua kuna setingi ya kugeuza maadui wawe rangi ya njano akakaa kimya, halafu akasema, "kaka, yaani nyie wote mlikuwa mnaona hivi?" Ile setingi haikurahisisha gemu, maadui walibaki na afya ileile na risasi zao zinauma vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa na yeye anacheza gemu mnayocheza nyie.

Ingekuwa mambo yote yanagawanyika vizuri hivyo, makala ingeishia hapa. Tatizo ni kwamba kuna eneo la katikati ambalo ugumu na kizuizi ni kitu kilekile, na Sekiro imekaa katikati ya eneo hilo kabisa.

Moyo wa Sekiro ni kukinga upanga. Adui anarusha pigo, we unabonyeza batani muda uleule upanga unapofika, ukipatia unasikia ile "tiing!" na cheche zinaruka, ukichelewa unaliwa. Ule muda wa kupatia unahesabiwa kwa fremu, yaani zile picha moja moja zinazopita kwenye skrini, na gemu ikikimbia fremu 60 kwa sekunde basi fremu moja ni kama milisekunde 17, na we unapewa fremu chache tu. Mtu mzima wa kawaida akiona kitu kwenye skrini mpaka kidole kisogee inapita robo sekunde hivi, kwa hiyo hakuna anayekinga kwa kuona upanga, watu wanakinga kwa kusoma bega la adui na kukariri mdundo, na ndo utamu wenyewe, unafikia mahali unacheza kama mtu anayepiga ngoma na siyo anayepigana. Sasa mpe huyohuyo bosi mtu ambaye misuli yake inachelewa kujibu, au mikono inatetemeka, au miaka tu imemwendea. Kichwani mdundo anao, ameshausoma vizuri kuliko mimi. Kidole kinafika fremu sita baadaye. Hapo utasema amefeli swali, au hajalifikia?

Halafu kuna kitu watu hawapendi kukisikia. Televisheni nyingi zikiwa kwenye setingi ya kuangalia filamu zinachelewesha picha, nyingine zaidi ya milisekunde 100, kwa sababu zinaipamba kwanza ndo zikuonyeshe. Ukiiweka kwenye modi ya gemu ucheleweshaji unashuka sana. Piga hesabu, hiyo ni tofauti ya fremu tano au sita, inazidi faida ya modi rahisi nyingi tu. Sijawahi kuona mtu anaambiwa kajidanganya nafsi yake kwa kuwasha modi ya gemu kwenye TV. Kwa hiyo lile wazo kwamba sisi wote tuliomaliza Sekiro tulipanda mlima mmoja wenye urefu mmoja, samahani, halijawahi kuwa kweli hata siku moja. Namba ndani ya gemu zilikuwa sawa, mlima haukuwa sawa.

Lakini nisiwaonee watu wa upande ule, kwa sababu hoja yao ikisemwa vizuri ina uzito, na anayeisema vizuri ni Hidetaka Miyazaki mwenyewe, mkurugenzi wa Sekiro na Dark Souls na Elden Ring. Amewahi kueleza kwamba hawataki kuweka uchaguzi wa ugumu kwa sababu wanataka wachezaji wote wawe kwenye ngazi moja ya mazungumzo, wote wakutane na ukuta uleule, ili mtu akikwambia alikaa siku tatu kwa bosi fulani ujue anaongelea nini hasa. Na kuna jambo la pili ambalo mi naliona zito zaidi. Chaguo likiwepo linambadilisha hata asiyelitumia. Ukijua kuna batani ya kutokea, ukifa mara ya kumi na moja saa saba usiku unaanza kuitazama, na ile hali ya kufungiwa na bosi chumba kimoja, ya kwamba hapa lazima mmoja wetu abadilike na siyo yeye, inaisha. Wanaosema "kama hutaki modi rahisi usiichague tu" hawajawahi kujijua saa saba usiku.

Hata hivyo FromSoftware hao hao wamejaa njia za kupunguza ugumu, ila zimefichwa zikavaa nguo za ulimwengu wa gemu. Elden Ring ya 2022 ukishindwa na bosi unaondoka, unazunguka huko na farasi wako, unapanda levo, unarudi una nguvu mara mbili. Unaita mizimu ya majivu ikusaidie. Unaita mtu mwingine kabisa mtandaoni aje akupigie na we umejibanza nyuma ya nguzo (nimefanya, sijutii). Hizo zote ni modi rahisi, ila haziitwi hivyo na hazikutoi ndani ya stori. Sekiro ndo ilikuwa kali kuliko ndugu zake kwa sababu iliziba karibu milango yote hiyo, huwezi kuita mtu, na huwezi kuzunguka kupanda levo mpaka bosi awe mtoto.

Na hii kuficha ni ya zamani. Resident Evil 4 ya 2005 ilikuwa inakuangalia kimyakimya, ukifa hovyo hovyo inapunguza ukali, ukiwa moto inaongeza, na watu wengi waliicheza miaka bila kujua. God Hand ya mwaka uliofuata ilifanya jambo hilohilo ila ikakuonyesha kipimo kwenye skrini, ukicheza vizuri kinapanda mpaka unatamani ucheze vibaya kidogo.

Kwani ule ugumu tunaouabudu ulitoka wapi? Kwenye sarafu. Zile mashine za zamani za kutumbukiza hela zilikuwa biashara, mtu akicheza muda mrefu kwa sarafu moja ni hasara, na mwenye mashine alikuwa anaifungua ndani anakuta viswichi vidogo anachagua mwenyewe wateja wapewe maisha mangapi na adui wawe wakali kiasi gani. Yaani uchaguzi wa ugumu ulikuwepo tangu enzi hizo, ila ulikuwa mkononi mwa mwenye duka na siyo wa mchezaji. Na kuna ugumu uliotokea kwa bahati. Space Invaders ya 1978, ile kadiri unavyowaua wale wadudu wa anga ndo waliobaki wanavyoongeza kasi, haikuanza kama wazo la mtu, kichakataji cha mashine kilikuwa kinalemewa na wadudu wengi, wakipungua kinapumua kinakimbia. Mtengenezaji wake Tomohiro Nishikado akaona inanoga akaiacha. Na ile mbinu ya siri maarufu ya kampuni ya Konami, ukibonyeza juu juu chini chini kushoto kulia na kuendelea unapewa nguvu za ziada, iliwekwa na Kazuhisa Hashimoto kwa sababu alikuwa anaihamishia Gradius kwenye konsoli ya nyumbani, ikatoka 1986, na gemu ilikuwa inamshinda yeye mwenyewe wakati wa kuijaribu. Mtengenezaji kajiwekea modi rahisi. Hakuna aliyemwambia akajifunze kucheza.

Aibu ilikuja baadaye, na waliileta watengenezaji wenyewe kwa utani. Wolfenstein 3D ya 1992 ukichagua levo ya chini kabisa inakuuliza kama baba anakuruhusu kucheza, na inakuonyesha shujaa kavalishwa kofia ya kitoto na chuchu bandia ya mtoto mdomoni. Ninja Gaiden Black ukifa sana mwanzoni inakupa modi inayoitwa mbwa wa ninja. Metal Gear Solid V ya 2015 inakuvalisha kofia ya kuku, kuku kabisa, askari hatari duniani anatembea na kuku kichwani. Mi nacheka, ni utani mzuri, lakini miaka zaidi ya ishirini ya utani huo imetufundisha wote kwamba kuchagua rahisi ni kukiri kitu kuhusu wewe kama mtu. Cuphead nayo mwaka 2017 ilifanya mbaya zaidi kimyakimya, ina modi rahisi lakini ukipiga mabosi kwa modi hiyo hupewi mikataba inayohitajika kufungua mwisho wa gemu, kwa hiyo unacheza weee halafu unafika mlangoni unaambiwa rudi kaanze upya kwa ukali wa kawaida. Kama ni kumkatalia mtu, si ungemkatalia mwanzoni.

Walioufungua huu mtego vizuri kuliko wote mi naona ni wale wa Celeste, 2018. Ni gemu ya kuruka, ngumu kwelikweli, unakufa mara elfu mbili bila kutia chumvi, na inamhusu msichana anayepanda mlima huku akili yake mwenyewe inampinga, kwa hiyo ukiondoa ugumu umeondoa stori. Walichofanya hawakuweka rahisi, wastani, ngumu. Walichukua kile kitufe kimoja kikubwa wakakivunja vipande. Kasi ya gemu unaipunguza kidogo kidogo mpaka nusu. Nguvu za kuning'inia ukutani unaweza kuzifanya zisiishe. Idadi ya kuchomoka angani unaongeza. Kutokufa kabisa nako kupo. Sasa mwenye vidole vinavyochelewa anaweka kasi asilimia 80 na hagusi kingine, mruko anaukosa vilevile, anakufa mara elfu mbili zake, jasho lilelile. Ule ndo mlima wake.

Hata wao walikosea kidogo. Maandishi ya kwanza ya ile modi ya msaada yalikuwa yanasema gemu imekusudiwa kuwa ngumu na wanashauri ujaribu bila msaada kwanza, na wachezaji wenye ulemavu wakasema sawa, ila kwa maneno hayo mnatuambia sisi siyo mliotukusudia. Wakayabadilisha. Setingi hazikuguswa, yalibadilishwa maneno peke yake, na kwa wahusika ilikuwa tofauti kubwa.

Baada ya hapo wengi wameiga kila mtu kwa staili yake. Hades ina modi ya mungu, inaanza kwa kukupunguzia asilimia 20 ya maumivu na kila ukifa inaongeza asilimia 2 mpaka ifike 80, kwa hiyo gemu haikuhurumii hapo hapo, inakusogelea polepole hadi mkutane mahali panapokufaa, na huwezi kujua kama umeshinda kwa sababu umekuwa mzuri au kwa sababu imekusogelea, pengine yote mawili. Another Crab's Treasure ya 2024, ambayo ni ya ukoo wa Dark Souls ila shujaa ni kaa, kwenye setingi kuna chaguo la kumpa kaa bunduki. Bunduki kubwa, unampiga bosi risasi moja kwaheri. Hapo utani wa ile kofia ya kuku umegeuzwa, safari hii anayechekwa ni bosi. Na Lies of P, ambayo ilitoka 2023 ikiwa na ugumu mmoja tu kwa kufuata mila ya ukoo, 2025 ikaongezewa uchaguzi wa ugumu. Waliomaliza zamani, mimi nikiwemo, tuliamka asubuhi na ushindi wetu uko palepale.

Upande wa vizuizi vyenyewe mambo yamekimbia hata zaidi. The Last of Us Part II ilitoka Juni 2020 na setingi za ufikivu, yaani za kuondoa vizuizi, zaidi ya 60, na kitu ambacho watu walikuwa hawaamini kikawezekana, mtu asiyeona kabisa anaicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho peke yake. Skrini inasomwa kwa sauti, ukibonyeza batani gemu inakugeuza uelekee njia, kila kitu kina mlio wake, cha kuokota kina wake, cha kurukia kina wake, na kwa wasioona vizuri kuna modi inayofanya dunia yote iwe kijivu, wewe bluu, maadui nyekundu. Brandon Cole, aliyekuwa haoni kabisa na ambaye alishauri kwenye gemu hiyo na baadaye kwenye Forza Motorsport ya 2023, alikuwa anaeleza vitu hivi vizuri sana kabla hajafariki 2024. Forza yenyewe inakuwezesha kuendesha gari la mbio kwa masikio, sauti inakwambia kona inakuja upande gani, uko katikati ya barabara au umeshaiparamia pembeni, na kona bado ni kona, ukiingia na kasi ya kijinga unatoka nje kama mtu mwingine yeyote. Nilijaribu nikiwa nimefumba macho. Sitaki kulizungumzia.

Vifaa navyo vimebadilika. Kontrola ya Xbox ya watu wenye ulemavu iliyotoka 2018 ina vibao viwili vikubwa vya kubonyeza na matundu 19 nyuma ya kuchomeka swichi unazotaka, ya mguu, ya kichwa, ya kuuma na meno, unajitengenezea ya mwili wako. Sony wakafuata na ya kwao Desemba 2023.

Sasa nirudi kwa yule wa nne kwenye ugomvi, anayesema nina ulemavu na nimeimaliza. Huyu watu huwa wanamtumia kama rungu, eti kama fulani kaweza wewe kinakushinda nini. BrolyLegs, Mmarekani aliyekuwa anacheza Street Fighter kwa mdomo, amejilaza na kontrola usoni, alikuwa anawachapa watu wazima wenye mikono miwili kwenye mashindano mpaka alipofariki 2023. Hakuomba adui apunguzwe nguvu na angekasirika ungempunguzia. Lakini yeye anathibitisha jambo moja tu, kwamba kuwa na ulemavu siyo kutaka mserereko. Hathibitishi kwamba kila mwili una njia ya kuingia. Yeye njia aliipata, mwingine mdomo hausogei.

Mashindano ya mtu na mtu ni mada nyingine kabisa, na hapa mi nageuka kidogo, manake hapa ukinirahisishia mimi unamgumishia mwenzangu. Hapo lazima bei ilipwe. Street Fighter 6 wameijaribu vizuri, kuna staili ya kisasa ambayo pigo maalumu linatoka kwa batani moja badala ya kuzungusha stiki, na bei yake ni kwamba pigo likitoka kwa njia hiyo ya mkato linauma pungufu kwa asilimia 20. Watu bado wanagombana kama bei inatosha. Ni ugomvi wa haki kabisa, una namba ndani yake, unaweza kupimwa. Kwenye gemu ya peke yako sebuleni, anayeumia ni nani?

Anayejibu "pesa ya mtengenezaji" hajakosea. Modi ya ugumu siyo kitelezi tu, kila moja inatakiwa ijaribiwe, na studio ya watu wanne haina watu wa kuijaribu Celeste kwa kasi kumi tofauti. Ndiyo maana vitu vingine vya bei rahisi vinanishangaza vikikosekana, kama kuhamisha batani, ukubwa wa maandishi, manukuu, yale maneno ya mazungumzo yanayoandikwa chini ya skrini. Ubisoft walishawahi kutoa namba zao, Assassin's Creed Origins manukuu yalikuwa yamezimwa na asilimia 60 ya wachezaji wakaenda kuyawasha wenyewe, iliyofuata, Odyssey, wakayawasha tangu mwanzo na asilimia 95 wakayaacha. Hao wote siyo viziwi. Kuna mwenye mtoto amelala chumba cha pili, kuna anayecheza kwa lugha ambayo siyo yake.

Na kuna sehemu hakuna mjadala wala studio ndogo wala nini. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa na sehemu ambayo mhusika anavalishwa kifaa usoni kinachomulika mataa mekundu na meupe haraka haraka mbele ya macho yako, na mwandishi mmoja mwenye kifafa alishikwa nacho akiwa anaifanyia mapitio. Ilibidi warekebishe kwa apdeti baada ya siku chache. Pale hata yule jamaa wa kujidanganya nafsi sidhani kama angekuwa na la kusema.

Ile gemu yangu ya mlango nayo ililetewa apdeti, miezi mitatu baada ya mimi kuitupa. Niliona kwenye orodha ya marekebisho kamstari kamoja, ukitaka sasa unaweza kushikilia batani badala ya kuibonyeza bonyeza. Kidole kilikuwa kimeshapona kiasi, ila nikaiwasha tu, nikapandisha na ugumu urudi pale ulipokuwa kabla ya ile fedheha, nikasimama mbele ya mlango, nikashikilia. Ukapanda taratibu na kelele zake za minyororo, sekunde nne.

Nyuma yake kulikuwa na bosi. Akaniua mara kumi na nne.